NDOA YA MZAHA: YAFUNGA AU HAIFUNGI?

Na ijulikane ya kuwa maneno ya kurasa hizi ni juu ya mas-ala moja ambayo wengi huyafanya ya kuchekesha, nayo ni ndoa ya kujisingizia: mwanamume na mwanamke kujionesha mbele ya watu kuwa ni mume na mke, ilhali nyoyoni mwao hawakutaka kuwa hivyo. Suali lenyewe ni fupi. Mtu akiyasema maneno ya ndoa wala asiyakusudie, je, amekwisha oa, au hakuoa?

Watu wa pwani ni wapenzi wa senema za Kihindi tangu zamani. Unguja ilikuwa na nyumba ya senema ya Royal tangu mwaka wa 1921. Katika nchi ya Bengal ilitolewa mwaka wa 1935 senema iitwayo Manmoyee Girls' School, naye Kanan Devi, mwimbaji aliyekuwa na sifa kubwa siku zile, alikuwamo; na mwaka wa 1958 ikatengenezwa mara ya pili, na safari hii mwanamume wa kisa akawa Uttam Kumar. Asili yake ni mchezo wa jukwaani ulioandikwa na Rabindranath Maitra. Khabari yake ni hii. Tajiri mmoja mwenye ardhi ameanzisha skuli ya wasichana, akaipa jina la mkewe, naye ataka walimu wawili walio mume na mke. Wako mwanamume na mwanamke wasio na kazi, kila mmoja amehangaika kutafuta riziki asiipate; basi wakajiandikisha kuwa ni mume na mke, wakapata kazi, wakapewa na nyumba. Kuanzia hapo ni kicheko: uwongo mmoja hutaka uwongo wa pili wa kuushika mkono, na wa pili hutaka wa tatu, hatta mwisho nyoyo zikafuata yaliyokwisha semwa na ndimi, wakapendana kweli.

Mtazamaji hucheka kisha huenda zake nyumbani kwake kulala. Naye ana haki ya kucheka, kwani mtungaji wa kisa ameshika kamba mbili mkononi, hawezi kumwacha mtu wake azame. Lakini walio nje ya senema hawana mtungaji wa kuwavuta ufukoni.

Na kisa hiki si cha mbali kama kinavyodhaniwa. Katika mkoa wa Manyara, uliokatwa katika mkoa wa Arusha mwaka wa 2002, ziko wilaya za Mbulu na Hanang. Mbulu ni nchi ya milima na baridi. Hanang ni nchi ya chini ya mlima wa jina hilo, mlima uliopita mita 3,400 kwa urefu, na mji wake ni Katesh. Huko hupelekwa vijana wa pwani, wanaume kwa wanawake, kusomesha katika skuli za serikali, kutibu wagonjwa na kuandika katika maofisi. Kijana aliyezaliwa Tanga au Pangani, asiyepata kuvaa koti katika umri wake, hujikuta yuko nchi ambayo asubuhi moshi hutoka kinywani mwa mtu kama aliyevuta sigara, na msikiti ulio karibu huenda ukawa ni mwendo wa saa nyingi. Siku za kwanza huandika barua za kusifu maziwa na hali ya hewa. Baada ya miaka miwili huandika za kuuliza njia ya kurudi.

Sasa, katika sababu ambazo mtumishi wa serikali aweza kuombea uhamisho ni kumfuata mume wake au mke wake. Ni sababu njema, kwani si vizuri mume awe Tanga na mkewe awe Hanang. Lakini mlango uliofunguliwa kwa ajili ya waliooana, aliye peke yake huutazama pia. Na upigwe mfano wa mwalimu mmoja mwanamke, Muislamu, mtu wa Tanga, mwenye mama mgonjwa na ndugu wadogo, naye yuko skuli ya Hanang mwaka wa sita. Ameandika maombi, hayakujibiwa. Rafiki yake amwambia: yuko binamu yangu, ameajiriwa Tanga, mtu mwema, atakupa jina lake tu. Baba wa mwanamke aona ni njia ya kumrejesha mwanawe. Anaitwa mwalimu wa msikiti, wanaitwa mashahidi wawili, yanasemwa mahari shilingi laki moja, baba anasema "nimekuoza", kijana anasema "nimekubali", sahihi zinatiwa, cheti kinatoka. Kila mmoja katika ukumbi ule ajua ya kuwa ni karatasi tu. Baada ya fatiha kahawa ikanywewa, na bwana harusi akarudi kwa mkewe aliyemwoa miaka minane nyuma.

Je, ni karatasi tu?

Yapasa kwanza kupambanua mambo mawili ambayo watu huyatia katika kapu moja. Ikiwa mtu amenunua cheti kwa mwandishi mbaya, wala hapakuwa na kikao, wala walii, wala mashahidi, wala neno lililosemwa, basi hapana ndoa hapo kabisa. Pana uwongo, na ushahidi wa zuri, na kula haki ya mtu mwengine aliyekuwa akingoja zamu yake ya uhamisho, na dhambi za mambo haya zajulikana. Mwanamke huyo ni huru, aweza kuolewa kesho. Ama huyu wa mfano wetu amefanya zaidi. Yeye hakughushi cheti. Cheti chake ni cha kweli kabisa. Walii yupo, mashahidi wapo, ijabu na kabuli zimepita. Kilichokosekana ni kimoja tu, nacho ni nia.

Na juu ya hilo wanavyuoni wamekwisha sema tangu zamani. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi na Ibn Majah, kwa njia ya Abu Huraira, hadithi ya Mtume (s.a.w.) ambayo maana yake ni kuwa katika kuoa, na kuacha, na kumrejea mke, mwenye kufanya mzaha huhukumiwa kama mwenye kukusudia. Na kwa hadithi hii wameshika Mashafi na Mahanafi na Mahanbali na wengi wa Wamaliki, ijapokuwa baadhi ya Wamaliki wamesema ya kuwa mzaha ukidhihiri kwa dalili, ndoa haifungi. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wengi wao ni Mashafi, kwa hivyo kauli iwahusuyo ni ile ya kwanza: amekwisha oa. Yule mwanamke ni mke wa mtu, na yule kijana ana wake wawili, naye mwenyewe hana khabari.

Mtu mwenye akili hapa husimama akauliza, na suali lake si la upuuzi. Je, hadithi iliyo mashuhuri kuliko zote, ambayo watoto huisoma mwanzo wa Arbaini, haisemi ya kuwa amali zategemea nia? Vipi basi mtu afungwe na jambo ambalo hakulinuia? Na je, si dhulma kumtwisha mtu mzigo ambao hakuubeba kwa moyo wake?

Jawabu yataka kutazamwa polepole. Kuna kulitaka neno, na kuna kulitaka lile linaloletwa na neno. Aliyelala akaweweseka, na mwenye wazimu, na aliyewekewa upanga shingoni, hawa hawakulitaka hata neno lenyewe. Kwa hivyo hawafungwi. Ama mwenye mzaha amelitaka neno kwa hiari yake, amelichagua katika maneno yote, ameita na mashahidi walisikie. Alilolikataa ni matokeo yake. Na matokeo si yake kuyakataa, kama vile mtu apandaye mbegu ya mwembe kwa mchezo hana amri ya kuiambia ardhi isioteshe. Mtu ni mwenye kuchagua kuingia mlangoni. Akishaingia, nyumba ina utaratibu wake.

Na yafaa kutazama kwa nini imekuwa hivi katika ndoa, ilhali katika kuuza na kununua wanavyuoni wamekhitilafiana, na wako waliosema ya kuwa mauzo ya mzaha si mauzo. Mali ni ya mwenyewe. Akitaka kuichezea, amechezea chake. Lakini ndoa haikuwa mali ya mmoja wao. Ndani yake mna haki ya mwanamke, na haki ya mtoto ambaye bado hajazaliwa, na haki ya jamaa wa pande mbili, na juu ya zote mna haki ya Mwenyezi Mungu, ambaye ameharimisha kati ya mwanamume na mwanamke kila kitu ila kwa neno hili. Neno lililo ufunguo wa jambo kubwa kama hili, lau kama kila mtu angeweza kusema kesho "nilikuwa nikicheza", ni mwanamke gani angelala akiwa na yakini ya kuwa ni mke? Zama za ujahili mwanamume alikuwa akimwacha mkewe, kisha akisema amefanya mzaha, akamrejea, kisha akamwacha tena, na mwanamke ni kama mpira wa miguu. Wafasiri wamelitaja jambo hili katika sababu ya kushuka makatazo, yaliyo katika Sura ya Bakara, ya kuzifanyia mzaha hukumu za Mungu. Basi mwenye kuona sheria ni nzito kwa mwenye mzaha, na aiangalie kutoka upande wa yule anayefanyiwa mzaha; ataona ya kuwa ni ngome.

Huenda mtu akauliza juu ya wale wachezaji wa senema wenyewe, wanaosema "nimekuoa" mbele ya watu maelfu. Jambo lao ni jepesi zaidi. Mwalimu asomeshaye fikihi husema darasani "mke wangu nimemwacha", akitaka kuwafundisha wanafunzi lafdhi ya talaka, na wanavyuoni wamesema haachiki mke wake, kwani anasimulia neno, hasemi lake. Na mchezaji husema kwa jina la mtu mwengine, wala hapana walii wala ijabu ya kweli. Hapa pana mambo mengine ya kulaumiwa katika michezo hiyo, lakini ndoa haipo. Wale wawili ndani ya kisa ndio wenye shughuli, si wale waliowaigiza.

Turudi Mbulu. Mtu wa pwani aliyekwenda huko mara nyingi huiona nchi ile kwa jina moja tu, bara, na katika neno hilo ameweka dharau yote aliyorithi kwa wazee wake. Hudhani ya kuwa huko hapana jicho la kumwona wala ulimi wa kumsema, na kwamba lifanywalo huko halifiki nyumbani. Hili ni kosa katika adabu kabla ya kuwa kosa katika dini, tena ni kosa katika khabari. Wenyeji wa milima ya Mbulu ni Wairaqw, watu wa kilimo na mifugo, ambao lugha yao si ya Kibantu, ni ya jamaa ya Kikushi; na katika nchi ya Hanang wako Wabarbaig, tapo kubwa la Wadatooga, wafugaji wa ng'ombe, ambao lugha yao ni ya jamaa ya Kiniloti. Hao na hao wana sheria za ndoa zilizo kali kuliko anavyodhani mgeni.

Kwa Wairaqw wa zama zilizopita, msichana aliyeshika mimba kabla ya kuolewa hakuhesabiwa kuwa amejikosea yeye peke yake. Ilisadikiwa ya kuwa ana janaba ya kuwadhuru jamaa zake, na jirani zake, na mifugo, na mvua. Kwa hivyo alitolewa nyumbani akakaa mbali na watu. Wako miongoni mwa wasichana hao waliokimbilia kwa Wadatooga, wakapokewa huko, kwani Wadatooga walimwona mwanamke mwenye kuzaa kuwa ni baraka popote atokapo. Uislamu haukubali kumfukuza msichana wala kumtwika mtoto asiye na kosa dhambi ya wazazi wake, na aliyewapokea katika jambo hili ni bora kuliko aliyefukuza. Walakini katika ile khofu ya Wairaqw mna fahamu moja ambayo mtu wa cheti cha uwongo ameipoteza: ya kuwa kuoana na kutooana si jambo la watu wawili ndani ya chumba. Jirani naye ana fungu lake. Mvua, wao waliiona ina fungu.

Na kwa Wabarbaig, mtaalamu mmoja Mmarekani aitwaye George Klima, aliyekaa nao na kuandika kitabu juu yao kilichotoka mwaka wa 1970, ameeleza ya kuwa wanawake wao wana baraza lao wenyewe la hukumu, na mwanamume aliyewakosea wanawake katika heshima yao huitwa mbele ya baraza hilo, akatozwa faini ya mnyama. Mzee wa pwani asomaye khabari hii huenda akatabasamu. Lakini na ajiulize, katika mtaa wake, mwanamke aliyechezewa kwa ndoa ya karatasi angepeleka wapi mashtaka yake, na nani angemtoza mtu ng'ombe?

Na kutabasamu huko kukome kabisa likitajwa jambo linalofuata, kwani hili halitoki bara. Ndoa ya kujisingizia iliyo mbaya kuliko zote haikuletwa na senema wala na maofisi ya serikali. Imo mijini mwa Waislamu tangu zamani, nayo yaitwa tahlili. Mwanamume amemwacha mkewe talaka tatu kwa hasira, mara nyingi kwa neno moja na kwa sababu ya chumvi ya mchuzi. Asubuhi amejuta. Ajua ya kuwa hawezi kumrejea mpaka aolewe na mume mwengine, ndoa ya kweli, kisha waachane. Basi hutafutwa mtu, na mtu huyo hapendwi kwa sura wala kwa elimu, hupendwa kwa unyamavu wake. Hulipwa, huozwa usiku, na alfajiri huacha. Kila mtu katika nyumba ile hujifanya haoni. Mwanamke ndiye mwenye kubeba aibu yote, ilhali hakumwacha mtu wala hakumwajiri mtu.

Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kufanya kazi hiyo na mwenye kufanyiwa, na katika hadithi iliyopokewa na Ibn Majah amemfananisha yule wa kwanza na beberu la kuazima. Na Sayyidna Umar amepokewa kuwa alitishia kumpiga mawe atakayeletwa mbele yake kwa jambo hili. Imamu Malik na Imamu Ahmad wamesema ya kuwa ndoa hiyo ni batili hata ikiwa hila imefichwa moyoni tu. Ama katika madhehebu ya Shafi, likishurutishwa ndani ya kufunga ndoa kuwa akishamwingilia amwache, ndoa ni batili, na lisiposhurutishwa ndani yake, likawa moyoni tu, ndoa yasihi pamoja na karaha yake. Khitilafu hii imewapa wenye hila nafasi ya kupumua. Wao huyanyamaza maneno ukumbini, wakayasema barazani.

Na hapa pana jambo la kutazamwa sana, kwani mambo mawili haya, la mwalimu wa Hanang na la mume wa kuazimwa, yafanana kwa sura, nayo yaenda njia mbili. Yule mwenye cheti ataka jina la ndoa bila ya ndoa yenyewe. Na sheria yamwambia, kwa kuwa umelitaja jina, basi ndoa nzima ni juu yako. Huyu wa tahlili ataka ndoa ya usiku mmoja. Na wakali katika wanavyuoni wamwambia, hiyo si ndoa kabisa. Mmoja amekimbia mzigo, akatwishwa. Mwengine ameupapia, akanyang'anywa. Asiyefahamu huona ni kinyume. Lakini aliye katikati ya hukumu zote mbili ni mmoja, ni mwanamke: katika ya kwanza hulindwa asiwe mke wa jina asiye na haki, na katika ya pili hulindwa asiwe daraja la kuvukia mtu mwengine. Khabari ya mke wa Rifaa, iliyo katika Bukhari na Muslim, yaonesha ya kuwa Mtume mwenyewe hakumruhusu mwanamke huyo kurudi kwa mume wake wa kwanza kwa ndoa ya jina tu na yule wa pili, hata alipotaka mwenyewe.

Wako watakaomtetea yule mwalimu, na utetezi wao una haki ya kusikilizwa. Watasema: mama yake ni mgonjwa, ameandika maombi mara tano, amekaa kimya, hakuiba, hakumdhuru mtu. Na je, Nabii Ibrahim (a.s.) hakupata kumwambia jabari wa nchi aliyopita ya kuwa Sara ni nduguye, ilhali ni mkewe? Ikiwa Nabii amebadilisha jina la ndoa kwa khofu, vipi asisamehewe mwalimu wa skuli?

Dalili hii ikitazamwa vizuri humgeukia mwenye kuileta. Nabii Ibrahim alikuwa mbele ya mtu awezaye kumwua na kumnyang'anya mke. Yule mwanamke yuko mbele ya ofisi isiyojibu barua, na baina ya upanga na barua isiyojibiwa pana safari ndefu. Tena Nabii Ibrahim alificha ndoa iliyopo, kwa neno lenye maana mbili, kwani Sara alikuwa nduguye katika imani. Hakuiumba ndoa isiyokuwapo. Aliyeficha kitu aweza kukifichua kesho kikawa kilekile. Aliyeumba kitu amekiumba.

Hapana ubishi kuwa mwanamke huyo amedhulumika, ikiwa maombi yake ya haki yametupwa. Na dhulma aliyofanyiwa haikuondoka kwa cheti chake. Imehamishwa tu, akapewa mwengine. Mwalimu mwengine ambaye mumewe wa kweli yuko Tanga sasa atangoja mwaka wa saba, kwani nafasi imeshikwa.

Ama sheria ya nchi, nayo ina la kusema. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 1971 yaieleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke uliokusudiwa kudumu maisha yao yote, basi yaanza kwa kukusudia. Hata hivyo sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 160, yasema ya kuwa mwanamume na mwanamke wakithibiti kuwa wamekaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana, mpaka idhihirishwe kinyume chake. Lau kama wale walimu wawili wa senema ya Bengal wangepewa nyumba yao Dongobesh au Katesh, wakakaa humo miaka miwili na majirani wakiwaamkia bwana na bibi, wangekuta serikali imekwisha waoza, wala hapakupikwa pilau. Na mwenye kutaka kuvunja ndoa mahakamani hana budi kwanza kwenda mbele ya baraza la usuluhishi. Hebu mtu afikirie yule mwanamke na yule kijana wamekaa mbele ya wazee wa baraza, wanaulizwa ni lini walianza kugombana.

Yabaki kutazama yawapatayo baada ya uhamisho kukubaliwa. Mwanamke amefika Tanga, amemwuguza mama yake, na mwaka wa pili amekuja mtu mwema kumposa. Baba amefurahi, amesahau kikao kile cha kahawa. Wakimwoza, wamemwoza mke wa mtu, na watoto watakaozaliwa watakuja kuuliza. Wakikumbuka, hawana budi kumwendea yule kijana atoe talaka. Na yeye, ambaye jina lake lilikuwa zawadi, sasa ameona ya kuwa ana kitu mkononi. Huenda akawa mtu mwema kama alivyosifiwa, akaiacha mara moja. Huenda akataka gharama zake. Na lau kama angekufa kabla ya hapo, mwanamke yule angelazimika kukaa eda ya miezi minne na siku kumi kwa mtu ambaye hakupata kula naye sahani moja, na angestahili mahari yake yote, na angemrithi. Na mjane wa kweli mwenye watoto angeambiwa, siku ya tatu ya matanga, ya kuwa ile thumuni yake yagawanywa baina ya wawili. Mjane huyo hakuwako ukumbini siku ile. Hakuna aliyemwambia ya kuwa ni mzaha.

Na ikiwa mambo yamekwenda kwa wema, kijana akatoa talaka kabla ya kukaa naye faragha, basi hukumu yake iko wazi katika Qur'ani: mwanamke hana eda, aweza kuolewa siku ileile, na ana haki ya nusu ya mahari yaliyotajwa. Yaliyotajwa ni shilingi laki moja. Daftari ya msikiti yasema zimekwisha lipwa taslimu, na chini yake iko sahihi ya mwanamke kuwa amezipokea, ilhali hakupokea hata senti, kwani ilikuwa ni karatasi tu. Mashahidi wawili wangali hai, nao wajua hazikulipwa. Kwa hivyo shilingi elfu hamsini ni deni juu ya yule kijana, ila mwanamke mwenyewe akisamehe.